Waraka wa Mguu wa Kushoto

Kwa taadhima na bila haraka, wanafunzi wote wa Afrika Mashariki waliokuwa wakisoma Guangzhou walitangaziwa, siku ya Jumatatu tarehe 14 Septemba 1998, kwamba tatizo la wachezaji kuhamahama vyuo limekwisha. Halijapungua, wala halishughulikiwi. Limekwisha. Mwenye shaka alitakiwa afike mwenyewe akasome Waraka wa Kanuni, kurasa sita, uliobandikwa kwenye mlango wa chumba namba 308 cha bweni la wageni la Chuo cha Kilimo, chini ya karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: SUBIRA HUVUTA HERI.

Chumba hicho kilikuwa makao makuu ya Kamisheni ya Uratibu wa Uhamaji wa Wanamichezo wa Vyuo. Kilikuwa pia chumba cha kulala cha Mwenyekiti wa Kamisheni, Mheshimiwa Gaudence, na kila jioni mafaili yalishushwa kitandani ili Mwenyekiti apate pa kuweka ubavu. Gaudence alikuwa mtu wa Bukoba, mwenye miaka thelathini na minane na mwili wa heshima, mwaka wa tano wa shahada ya uzamivu juu ya viwavi wa hariri, sura ya pili. Viwavi wenyewe walishageuka nondo na kufa, vizazi kwa vizazi, lakini utafiti hauendeshwi kwa pupa.

Tatizo lenyewe lilikuwepo, asikudanganye mtu. Mwanafunzi akitoka nyumbani na ufadhili, hupelekwa kwanza Chuo cha Lugha, akae mwaka mzima akipigana na Kichina, halafu Septemba inayofuata ahamie chuo cha fani yake: udaktari, nguo, uchumi, kilimo. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote, na hakuna aliyeona ajabu. Kisha akaja Marijani, mfanyabiashara wa Kariakoo aliyepanga mtaa wa Sanyuanli, akanunua kombe na mipira mitano pale barabara ya maduka ya Yide Lu, akasema vyuo vishindane, na timu itakayoshinda itakwenda Beijing kucheza na Waafrika wenzao wa huko. Hapo watu wakabadilika. Chuo cha Nguo kilimpa mshambuliaji mmoja sufuria la umeme la kupikia wali, akahama kutoka Uchumi kabla wali haujaiva. Beki mmoja alihama kwa kuahidiwa kitanda cha dirishani, akakuta dirisha linatazama jiko, akarudi wiki ile ile. Mtu alikuwa analala akiwa mchumi na kuamka akiwa fundi nguo.

Ndipo Gaudence alipojitolea kuokoa jahazi. Hakuna aliyemwomba, na hilo alilihesabu kuwa ushahidi wa uzalendo wake. Alichongesha mhuri wa duara, mwekundu, wenye nyota katikati, kwa sababu miaka minane ya kukaa China ilikuwa imemfundisha kwamba karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Akamteua Bertila, dada mmoja wa Moshi aliyekuwa akisomea takwimu, awe katibu. Bertila ndiye aliyepiga chapa Kanuni zote, na kwa bahati mbaya ya Kamisheni alikuwa na tabia ya kusoma anachokipiga.

Kanuni zilikuwa tamu. Kanuni ya Kwanza ilisema kwamba mwanafunzi akihama chuo, amehama yeye. Mguu anaochezea unabaki kuwa mali ya michezo ya chuo chake cha kwanza, mpaka apate Fomu Namba Saba, yenye saini ya kapteni wa chuo hicho na mhuri wa Kamisheni. Kanuni ya Tano iliamuru kila timu isajili watu kumi na mmoja tu, ili vyuo visirundike watu, na wa kumi na mbili, atakayechaguliwa na kapteni, ajiondokee salama na mguu wake. Ya Sita ilisema anayeitwa na timu yake akakataa ni mkaidi, na mkaidi Kamisheni haimtambui. Ya Nane ilisema kiongozi wa msafara wa Beijing lazima awe mtu asiyefungwa na timu yoyote. Hiyo Gaudence aliitunga kwa furaha ya pekee, kwani iliwafuta makapteni wote na kumwacha yeye.

Kanuni ya Tisa iliongezwa baadaye. Marijani alikuwa amesema makoti ya msafara, ya jinzi, yanayoshonwa Xintang, atawapa wale tu ambao Kanuni zinawahusu. Gaudence aliposikia hivyo alichukua kalamu akaandika kwamba Kanuni hizi zinamhusu kila mchezaji na kila kiongozi wa michezo, bila kujali umri, cheo wala umbo, na zinarudi nyuma mpaka mwaka 1985. Huo mwaka 1985 aliuweka kwa sababu ulikuwa na sauti nzuri.

"Mwenyekiti, na wewe umo?" Bertila aliuliza, vidole vikiwa juu ya mashine.

"Kiongozi bora hajitengi na sheria," alijibu Gaudence, na akampa vipimo vyake vya koti.

Kwa hiyo mambo yalikuwa shwari, isipokuwa kwa mtu mmoja aliyeitwa Maulid.

Maulid alikuwa Mzanzibari mpole, winga wa kushoto, na aliumaliza mwaka wa lugha kwa alama nzuri. Septemba akahamia Chuo cha Tiba kusomea udaktari, ambao ndio uliomtoa kwao. Bweni lake jipya lilikuwa hatua hamsini kutoka uwanja wa Tiba; angeweza kuamka filimbi inapopulizwa na akawahi mpira wa kwanza. Lakini mguu wake wa kushoto ulikuwa umesajiliwa Chuo cha Lugha, upande wa pili wa jiji, mabasi mawili na saa moja na nusu. Kamisheni haikuwa katili. Ilimwandikia rasmi kwamba mguu wa kulia, ambao hakuutumia kwa lolote zaidi ya kusimamia, uko huru kuchezea Tiba wakati wowote.

Wenzake waliohama naye mwaka huo walipewa Fomu Namba Saba siku hiyo hiyo, kwani hakuna kati yao aliyejua kupiga danadana tatu. Maulid alijua. Isitoshe, Gaudence alikuwa ameshagundua siri kubwa ya utawala, nayo ni kwamba ofisi isiyo na mtu anayesubiri mlangoni ni chumba tu.

Kamisheni ilifanya kazi Jumatano, saa tisa alasiri hadi saa tisa na nusu. Jumatano ya kwanza Maulid alifika na fomu iliyokwisha kusainiwa na kapteni wa Chuo cha Lugha, akasimama mlangoni, akaamkia kwa adabu za kwao.

"Mwenyekiti, nakuomba sana," alisema. "Mie sikuhama kwa tamaa, wala hapana alonipa kitu. Tatizo langu ni hizi mechi za Jumamosi asubuhi. Na sisi Jumamosi ndiyo siku ya anatomia, tunaingia maabara. Ukikosa mara tatu, unarudia mwaka mzima."

"Hakuna anayekuzuia kusoma, bwana mdogo," Gaudence alimwambia kwa upole. "Tumeuzuia mguu tu."

Akaitazama fomu, akaigeuza, akaitazama tena. Picha ya mguu haikuwepo. Kila mwenye pasipoti ana picha yake. Vipi mguu uhame bila picha? Maulid akauliza kama Kamisheni ingeweza kuupiga mhuri leo na kupokea picha kesho. Hapo Gaudence alitumia neno la Kichina alilolijua kuliko yote. Kwa miaka minane ameambiwa neno hilo kwenye madirisha ya ofisi za jiji, akiomba kibali hiki na karatasi ile, na kila mara limemkata maini. Sasa lilikuwa lake.

"Meiyou," alisema. Hakuna. "Njoo Jumatano."

Maulid akaenda studio ya picha, akavua kiatu. Mpiga picha, Mchina mtu mzima aliyekuwa amepiga maharusi na maiti, aliuliza mara mbili kama amesikia sawasawa, kisha akauweka mguu juu ya kigoda na kuupangusa. Jumatano ya pili picha ikakataliwa kwa sababu pazia la nyuma lilikuwa la bluu, na Kamisheni inapokea jeupe tu. Jumatano ya tatu pazia lilikuwa jeupe, lakini mguu ulikuwa umetazama pembeni. Jumatano ya nne mguu ulitazama mbele, ukiwa na soksi. Maulid akaeleza kwamba siku hiyo palikuwa na baridi. Gaudence akampa pole na kumwambia aje Jumatano.

Mtu atauliza kwa nini Maulid hakuitupa Kamisheni kule akaenda zake maabara. Jibu lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda cha Gaudence. Pasipoti za wanafunzi wote zinazokaribia kwisha zilikuwa zinakusanywa humo, ili kiongozi wa msafara azifikishe ubalozini Beijing, kila moja na barua ya Kamisheni. Ya Maulid ilikuwa inakwisha Desemba. Mkaidi haandikiwi barua. Na mtu asiye na pasipoti hai katika nchi ya watu hasomi udaktari wala ukunga, anatafutiwa ndege. Basi Maulid akapanda mabasi yake mawili, akacheza, akafunga mabao, na Jumamosi mbili maiti ya kundi lake ikapasuliwa bila yeye. Iliyobaki ni moja. Siku hiyo ya tatu ilikuwa tarehe 7 Novemba, siku ya fainali kati ya Lugha na Tiba, ambayo Lugha wameifikia kwa mguu wake.

Kuna wakati Maulid alikuwa akirudi kwenye basi huku anasoma jina la kila mfupa kwa kujishika mwilini mwake, na abiria wakisogea mbali naye. Hilo linahuzunisha, lakini Waraka haukuwa na kipengele cha huzuni.

Alhamisi kabla ya fainali alimfuata kapteni wake wa Lugha, Ndinda. Huyu alikuwa binti wa Machakos, hachezi mpira, ila alichaguliwa ukapteni kwa sababu alifeli mtihani wa Kichina na kurudia mwaka, kwa hiyo alikuwa ndiye mkongwe wa chuo na pekee aliyeogopwa na mtunza uwanja. Maulid alimweleza kwamba Jumamosi hatakuja. Ataingia maabara, na pasipoti Mungu ataijua. Alisema hivyo macho yamemlowa, na wala hakuyaficha.

Ndinda aliumia. Alikuwa ameisaini fomu ile tangu Septemba, kwa mkono wake, na akadhani yamekwisha. Mwanamke anayerudia mwaka ana muda mwingi; akauchukua Waraka wa Kanuni akausoma kurasa zote sita, jambo ambalo hakuna mchezaji aliyewahi kulifanya, kisha akaenda kwa mzee anayetunza daftari la wanafunzi wa kigeni wa Chuo cha Lugha. Akaomba miaka ya nyuma. Akafunua, akafunua, akafika 1990, akacheka peke yake mpaka yule mzee akamletea maji.

Ijumaa saa nane mchana Gaudence alikuwa amesimama mbele ya kioo. Marijani alikuwa ameleta makoti, na lile kubwa kuliko yote lilikuwa na maandishi mgongoni kwa uzi wa dhahabu: KIONGOZI WA MSAFARA. Treni ingeondoka Jumanne. Wachezaji wangelala kwenye behewa la vitanda vigumu, na kiongozi peke yake, Marijani alishamlipia, kwenye kitanda laini, cha chini. Gaudence alikuwa amemwandikia mama yake kuhusu kitanda hicho. Katika miaka minane hakuwahi kuiona Beijing, na kusema kweli alikuwa ameitamani kama mtoto anavyoitamani Idi.

Ndinda akabisha hodi. Bertila akamwambia leo si Jumatano.

"Sijaleta ombi," alisema Ndinda. "Nimekuja kumwita mchezaji wangu."

Akaweka juu ya meza nakala ya ukurasa wa daftari, na jezi ya kipa, ya njano. Gaudence akaitazama picha iliyokuwa kwenye nakala ile. Ilikuwa ya kijana mwembamba mwenye nywele nyingi, na jina chini yake lilikuwa lake.

"Uliingia Lugha tisini," Ndinda aliendelea. "Tisini na moja ukahamia Nguo, halafu Uchumi, halafu huku kwa wadudu. Nimetafuta Form Seven yako, Mheshimiwa, sijaiona."

"Fomu Namba Saba haikuwepo mwaka huo."

"Ndio. Lakini Kanuni ya Tisa inaanza eighty-five, na inashika viongozi pia. Bado wewe ni wa kwetu. Nishakuandika, na ukiingia wewe tunakuwa kumi na wawili. Kapteni ndiye huchagua wa kutoka. Nimemtoa Maulid."

Gaudence akacheka kicheko cha kiongozi, kile cha kuwapa watu nafasi ya kucheka nao. Hakuna aliyeichukua. Akasema basi Kamisheni inaifuta Kanuni ya Tisa mara moja, kuanzia dakika hiyo. Bertila akafunua faili na kueleza, kwa sauti ile ile ya kusoma kumbukumbu za kikao, kwamba kwa Kanuni ya Kumi na Moja mabadiliko yote hufanywa na Mkutano Mkuu, na Mkutano Mkuu ni Juni. Gaudence akamkumbusha ni nani aliyemteua. Bertila akakiri kwamba ni yeye, na kwamba barua ya uteuzi ina mhuri.

Ikabidi amgeukie Marijani, mtu mzima mwenzake, mtu wa biashara, ambaye hadi hapo alikuwa anahesabu vifungo vya makoti. Gaudence alimwita laoban, kama Wachina wanavyomwita tajiri, akamwomba awaeleze hawa watoto maana ya busara.

"Mimi ndugu yangu ni mtu wa jinzi," Marijani alisema. "Hizo kanuni si mlizibandika wenyewe? Ukikataa kucheza, hapo pameandikwa mkaidi. Mkaidi nimkatie kitanda laini, watu wa nyumbani watanielewaje?"

Kisha, kwa heshima zote, akalichukua lile koti kubwa na kulikunja, maandishi yakiwa ndani, mpaka mambo yatakapokaa sawa.

Usiku huo Gaudence alipiga mahesabu yake na kuona njia. Atacheza. Mechi ni dakika tisini tu. Mechi ikiisha, Ndinda atasaini Fomu Namba Saba, yeye mwenyewe ataigonga mhuri, atakuwa mtu asiyefungwa na timu yoyote, na Jumanne atapanda treni. Aliijaza fomu usiku huo huo, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuijaza. Akaona kwamba ina maswali mengi yasiyo na maana, akalaumu kiwanda cha karatasi.

Jumamosi asubuhi, wakati Maulid ameinama juu ya meza ya maabara na kwa mara ya kwanza muhula huo hana haraka, Mheshimiwa Gaudence alisimama golini. Jezi ilimfika kitovuni. Wanafunzi walikuja kutoka vyuo vyote. Hata waliohama kwa sufuria walikuja. Bao la kwanza lilipita kati ya miguu yake akiwa anawasalimia watazamaji. La tatu alilipinga kwa mwamuzi, akidai halikuwasilishwa kwa utaratibu. Kufikia la sita alikuwa ameacha kuruka na anaugeukia mpira tu, kwa macho, kama mwenyeji anayemsindikiza mgeni. Tiba walishinda tisa kwa moja, na hilo moja walijifunga wenyewe kwa huruma.

Filimbi ya mwisho ilipolia hakungoja hata maji. Alimfuata Ndinda pembezoni mwa uwanja akihema, fomu mkononi, magoti yamechubuka. Nyuma yake Tiba walikuwa wanaandika majina ya msafara, na la Maulid lilikuwa la kwanza. Pasipoti yake angeipeleka ubalozini yeye mwenyewe, na barua Bertila alishaipiga chapa, kwani mtu aliyetolewa kwa Kanuni ya Tano si mkaidi.

"Binti yangu," alisema Gaudence. "Saini hapo chini. Jumanne ni safari."

Ndinda akaipokea fomu kwa mikono miwili. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Picha haipo," alisema.

"Picha ya mguu? Mimi nilikuwa kipa."

"Ndio maana ni ya mikono. Yote miwili, pazia jeupe, bila glavu. Na itazame mbele."

Ndinda akamrudishia fomu, na hakuna aliyemwona akitabasamu.

"Subira huvuta heri, Mheshimiwa," alisema. "Njoo Jumatano."

Jumanne treni iliondoka kwa wakati. Bertila, ambaye hakufungwa na timu yoyote kwa vile hakuwahi kugusa mpira maishani mwake, ndiye aliyelala kwenye kitanda laini, cha chini, amejifunika koti lililompita magoti. Sanduku la pasipoti lilikuwa chini ya kichwa chake, na mhuri ulikuwa ndani ya mkoba, maana katibu anayeongoza msafara hauachi mhuri nyuma.

Jumatano saa nane na nusu Gaudence alikuwa Chuo cha Lugha, baada ya mabasi mawili, na bahasha ya picha kwapani. Mpiga picha safari hii hakuuliza kitu. Mlango wa chumba cha Ndinda ulikuwa umefungwa na ungefunguliwa saa tisa. Gaudence akasogea ukutani, akasimama mahali foleni inapotakiwa kuanzia, akangoja. Alikuwa wa kwanza, na nyuma yake hapakuwa na mtu.